Picha Zipo, Barua Hazionekani: Kisa cha Maktaba Iliyopeleka Nyaraka Zake za Kale Mtandaoni

Kisa hiki ni cha maktaba ya taasisi moja kongwe. Majina ya watu, ya taasisi, ya mfadhili na ya mahali yameondolewa, pamoja na tarehe na idadi ambazo zingemwezesha msomaji kuitambua. Kimeandikwa kwa ajili ya wakutubi, watunza nyaraka na wakuu wa taasisi wanaojiandaa kuanza kazi kama hii, au ambao wameshaianza na mambo yamewakwamia.

Usuli

Maktaba ilikuwa na magazeti yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka, mabuku makubwa ya kumbukumbu za ofisi yaliyoandikwa kwa mkono, masanduku ya barua, na albamu za picha. Sehemu kubwa ilitoka nusu ya pili ya karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, kipindi kibaya sana kwa karatasi. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda viliacha kutengeneza karatasi kwa matambara ya kitani na pamba vikahamia kwenye mbao, na karatasi hiyo ikawa inatiwa shabu na utomvu wa msonobari ili wino usisambae. Shabu huzaa asidi, na asidi hukatakata nyuzi za karatasi polepole kwa miaka. Lignini, kitu cha asili kinachoshikamanisha nyuzi za mbao, nayo huigeuza karatasi rangi ikawa kahawia. Ndiyo maana kitabu cha mwaka 1600 mara nyingi bado hukunjika vizuri, ilhali gazeti la mwaka 1910 humeguka mikononi.

Magazeti ya maktaba hii yalikuwa yameshafika hapo. Kila jalada lililofunguliwa lilimwaga chenga mezani, na hatimaye uongozi ukapiga marufuku kuyatoa. Watafiti walikuwa wakija na kurudi mikono mitupu. Haja ya kuyapiga picha, basi, ilikuwa ya kweli, na hakuna katika kisa hiki anayestahili kulaumiwa kwa kuitaka kazi hiyo ifanyike.

Katalogi ilikuwa ya kadi. Zilipigwa taipu na mkutubi aliyekwisha kustaafu, na nyingi zilikuwa na nyongeza za penseli pembeni. Kadi zilieleza sanduku zima, si barua moja moja, na tangu masanduku yahamishwe kutoka ghala moja kwenda jingine hakuna aliyezilinganisha tena na rafu.

Kisha fedha zikapatikana. Mfadhili alitoa za kununulia kamera, meza ya kupigia picha na kompyuta, na za kuwalipa vijana wa mkataba. Kipimo cha mafanikio kilichoandikwa kilikuwa kimoja tu, idadi ya kurasa zilizopigwa picha. Neno "kuhifadhi" lilikuwamo katika jina la mradi, lakini bajeti haikuwa na fungu lolote la kutunza mafaili baada ya mradi kwisha.

Mambo yalivyokwenda

Kabla ya kazi kuanza, mkutubi aliyesimamia nyaraka za kale aliomba miezi michache ya kupitia kadi na masanduku ili kila kitu kipate namba moja isiyobadilika. Ombi lilikataliwa. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba mkataba wa fedha una mwisho, na kila wiki bila picha ni wiki iliyopotea. Iliamuliwa waanze na barua kwa kuwa ni karatasi moja moja na hupigwa haraka, na maelezo yaandikwe baadaye.

Vijana walifanya kazi kwa bidii ambayo ni lazima itajwe. Kamera iliyapa mafaili majina yake yenyewe, herufi chache na namba zinazofuatana, na mafaili yakawekwa kwenye folda kwa tarehe ya siku ya kazi. Hakuna jina la faili lililoonyesha sanduku wala barua.

Hapa inafaa kutazama sanduku moja kwa karibu. Ndani yake mlikuwa na barua ya karatasi nne, zimeshikizwa na bahasha yake kwa pini iliyoota kutu. Mwandishi wa barua alitia sahihi kwa herufi mbili tu. Nyuma ya bahasha, kwa penseli, aliyeipokea alikuwa ameandika jina kamili la mwandishi na uhusiano wao. Pini ikatolewa, kama inavyotakiwa. Karatasi nne zikapigwa mbele na nyuma. Bahasha ikapigwa upande wa anwani pekee, kwa kuwa maelekezo ya siku ile yalisema upande usio na kitu urukwe, na penseli iliyofifia haikuonekana chini ya taa kali. Barua ilipofika mtandaoni ikawa ya mtu asiyejulikana. Msomaji mmoja aliyeandika kuuliza mwandishi ni nani alijibiwa kwamba haifahamiki, na jibu hilo lilitolewa kwa nia njema kabisa na mtu aliyekuwa akitazama skrini.

Magazeti yalipofika mezani ukazuka ubishi. Majalada yalikuwa yamekazwa sana na maandishi ya safu za ndani yalimezwa na mshono. Msimamizi wa mradi alipendekeza uti wa kila jalada ukatwe kwa mashine ili kurasa zipigwe zikiwa bapa. Mkutubi alikataa, akaomba majaribio ya jalada moja kwenye kitanda chenye umbo la V, ambapo kitabu hufunguliwa kwa pembe ya kiasi bila kulazimishwa kulala. Safu ya ndani ilisomeka, ila kasi ya kazi ilishuka mno. Baada ya mvutano, mkutubi alikubaliwa, na lengo la kurasa likawa halifikiki tena.

Tovuti ilijengwa na mkandarasi, ikazinduliwa, na barua zote zikawekwa wazi. Haukupita muda mrefu akaandika mtu aliyemtambua ndugu yake ndani ya barua mojawapo. Barua ilitaja ugonjwa wa ndugu huyo na kutilia shaka uzazi wa mtoto ambaye bado alikuwa hai. Maktaba iliondoa sanduku zima mtandaoni siku hiyohiyo, ikamjibu aliyelalamika kwa barua rasmi, kisha ikagundua kwamba haikuwa na utaratibu wowote wa kuamua kipi kinafaa kuonyeshwa na kipi kisubiri.

Mradi ukaisha, vijana wakaondoka. Malipo ya kila mwaka ya seva, yaani kompyuta inayobeba tovuti, hayakuwa jukumu la mtu yeyote, na tovuti ikazimika. Mafaili makubwa ya TIFF, aina ya faili la picha lenye ubora kamili, yalikuwa kwenye diski mbili za nje, zote ndani ya kabati moja. Diski moja ilipochomekwa haikusoma. Ya pili ilisoma, lakini baadhi ya mafaili hayakufunguka, na mengine yalifunguka yakiwa na mistari ya kijivu iliyokata picha katikati.

Maamuzi ya awamu ya pili na sababu zake

Awamu ya pili ilianza bila mfadhili, kwa watumishi wa maktaba wenyewe. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutopiga picha mpya hata moja mpaka zilizopo zijulikane ni za nini. Ulikuwa uamuzi mgumu kuutetea mbele ya uongozi, kwani kwa nje ulionekana kama kazi imesimama.

Picha zilikuwa na tarehe bila masanduku, na masanduku yalikuwa na kadi bila picha. Kilichounganisha pande hizo mbili ni daftari la ghala. Mtunza ghala, kwa mazoea ya miaka mingi, aliandika kila asubuhi namba ya sanduku lililotoka na jina la aliyelichukua, na jioni akatia alama liliporudi. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo kwa ajili ya mradi. Tarehe za daftari zikalinganishwa na tarehe za folda, na sehemu kubwa ya picha ikarudi kwenye masanduku yake. Siku ambazo masanduku mawili yalitoka pamoja zilibaki na utata, na hizo zilimalizwa kwa kufungua sanduku lenyewe na kulinganisha karatasi na picha, moja baada ya nyingine.

Wakati huohuo kadi zenyewe zilipigwa picha, mbele na nyuma, pamoja na nyongeza zake za penseli. Kazi hiyo ni ya muda mfupi na gharama ndogo, na ingefaa iwe ya kwanza kabisa katika mradi wowote wa aina hii. Kadi inayosema "sanduku hili lilipokewa kutoka kwa mjane wa fulani" ni sehemu ya historia ya nyaraka zenyewe.

Kwa maelezo ya kila kitu walichagua Dublin Core, mfumo wa vipengele 15 uliotokana na mkutano wa mwaka 1995 mjini Dublin, Ohio. Ipo mifumo mipana zaidi kwa nyaraka, na mkutubi aliijua. Alichagua huu kwa sababu watu wachache wangeweza kuujaza bila kuchoka, na programu nyingi za maktaba huusoma. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Maelezo mafupi yaliyokamilika kwa mkusanyo mzima yanamsaidia msomaji kuliko maelezo marefu ya sanduku moja huku mengine yakikaa miaka bila neno.

Majina ya mafaili yalibadilishwa yakafuata namba ya sanduku, ya folda, ya waraka na ya ukurasa. Majina ya zamani yaliyotolewa na kamera yalihifadhiwa kwenye jedwali ili atakayetilia shaka aweze kurudi nyuma.

Kisha likaja suala la nakala. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukipigwa kwa nukta 400 kwa inchi na kuwekwa kama TIFF ya rangi isiyobanwa hufikia takriban megabaiti 46. Kwa hesabu hiyo kurasa 100,000 ni zaidi ya terabaiti nne na nusu, na nakala tatu zinakaribia terabaiti 14. Kurasa za magazeti ni kubwa mara kadhaa ya hapo. Hesabu hii ilifanyika kwa mara ya kwanza katika awamu ya pili. Maktaba iliamua kuwa na nakala tatu, mbili zikiwa kwenye vifaa vya aina tofauti na moja katika jengo la taasisi nyingine, iliyokubali kwa sharti kwamba nayo ihifadhiwe nakala zake vivyo hivyo. Kila faili lilipewa alama ya ukaguzi ya SHA-256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Faili likibadilika hata kidogo, alama hubadilika. Kompyuta sasa huzikokotoa upya kwa ratiba na kutoa taarifa pasipolingana. Laiti alama hizo zingekuwapo tangu mwanzo, diski ya pili ingekaguliwa bila jicho la mtu. Badala yake watumishi walilazimika kufungua picha moja moja kutafuta mistari ya kijivu.

Kuhusu barua, iliundwa kamati ndogo ya mkutubi, mwanasheria wa taasisi na mtu mmoja kutoka nje. Jambo la kwanza walilolazimika kulieleza ndani ya taasisi ni kwamba kumiliki karatasi si kumiliki hakimiliki. Haki ya maneno ya barua ni ya aliyeiandika na warithi wake, hata kama aliyeipokea ameitoa zawadi kwa maktaba. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, unaweka kima cha chini cha ulinzi kuwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi zimeweka miaka 70. Faragha ni jambo jingine tena, na haiishi kwa sababu hakimiliki imeisha. Kamati iliamua kwamba barua zenye habari za afya, uzazi, makosa ya jinai au watoto zibaki kusomwa ndani ya maktaba hadi muda uliowekwa upite, huku maelezo yake mafupi yakionekana mtandaoni ili mtafiti ajue zipo. Pia iliweka anwani ya kupokea malalamiko, ikiahidi kuficha kwanza na kuchunguza baadaye.

Matokeo

Picha nyingi za barua sasa zina namba, maelezo na nafasi katika mkusanyo. Chache zimebaki kwenye folda ya zisizotambuliwa, na folda hiyo iko wazi kwa watafiti. Bahasha zote zilitolewa upya zikapigwa pande mbili kwa mwanga wa kuegemea ubavuni, ambao huifanya penseli na michubuko ionekane, na mwandishi wa ile barua ya karatasi nne akapata jina. Mafaili yaliyoharibika yalipigwa upya kutoka karatasi asilia, kwa kuwa karatasi zilikuwapo.

Majalada ya magazeti yote ni mazima. Yanakaa bapa kwenye masanduku ya karatasi isiyo na asidi, na nakala za picha ndizo zinazosomwa. Programu ya kutambua maandishi iliyasoma vizuri pale wino ulipokuwa mweusi, na vibaya sana pale safu zilipobanana au maandishi ya upande wa pili yalipojitokeza. Maktaba haikuyaficha matokeo hayo mabovu. Inamwambia msomaji wazi kwamba utafutaji wa maneno unaweza kuruka habari iliyomo, na inamwonyesha picha kando ya maandishi ili ahukumu mwenyewe. Mabuku yaliyoandikwa kwa mkono yananakiliwa na watu wanaojitolea. Kasi yao ni ndogo na usahihi wao ni mkubwa.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kosa lilikuwa kukosa nakala za akiba. Naliona hilo kuwa la pili. Diski zote zingekuwa nzima, maktaba bado ingekuwa na maelfu ya picha ambazo hakuna mtu angeweza kuzipata kwa kutafuta. Uharibifu mkubwa ulifanyika siku faili la kwanza lilipopewa namba ya kamera na kuwekwa kwenye folda ya tarehe, na ulisababishwa na kipimo kilichoandikwa kwenye mkataba. Ukihesabiwa kurasa, kila dakika ya kusoma nyuma ya bahasha ni hasara. Mfadhili angeweza kukubali kipimo kingine, kwa mfano masanduku yaliyokamilika, yaani yaliyokaguliwa, yaliyopigwa, yaliyoelezwa na kuhifadhiwa mahali pawili. Hakuna aliyemwomba.

Kukataa kukata majalada ndiko kulikookoa mradi, na sababu yake inafaa ieleweke vyema. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 maktaba nyingi, hasa Marekani, zilikata majalada ya magazeti ili kuyapiga kwenye mikrofilamu, yaani filamu ya picha ndogo sana za kurasa, kisha zikayatupa. Filamu nyingi zikaja kuonekana zina ukungu, kurasa zilizorukwa na picha zilizopoteza rangi, na hapakuwa na gazeti la kurudia. Msimamizi wa mradi huu alikuwa na hoja ya kweli kuhusu kasi na kuhusu maneno yaliyomezwa na mshono. Lakini teknolojia ya picha hubadilika kila baada ya miaka kumi, na anayepiga leo ajue kuna atakayetaka kupiga tena. Kila kilichorekebishwa katika awamu ya pili kilirekebishwa kwa sababu kitu asilia kilikuwapo.

Jambo hili lina ushahidi mpana zaidi. Mwaka 1986 BBC ilitengeneza Domesday ya kidijitali kuadhimisha miaka 900 ya Domesday ya asili, daftari la ardhi na mali la mwaka 1086 la mfalme William wa Uingereza. Iliwekwa kwenye diski za leza zilizohitaji mashine maalumu. Kabla ya miaka 20 kupita mashine hizo zilikuwa adimu, na wataalamu walilazimika kufanya kazi kubwa kuyaokoa yaliyomo. Daftari la ngozi la mwaka 1086 linasomeka hadi leo. Sioni hapo hoja ya kuacha kazi ya kidijitali. Ninachokiona ni kwamba faili linahitaji mtu wa kulihudumia kila mwaka, na mtu huyo anahitaji mshahara.

Vilevile ukubwa wa taasisi si kinga. Oktoba 2023 British Library ya London ilivamiwa na kundi la wahalifu wa mtandao linalojiita Rhysida. Katalogi yake kuu ilirudi kwa sehemu Januari 2024, na huduma nyingine zilikaa muda mrefu zaidi bila kupatikana. Machi 2024 ilichapisha ripoti ya wazi kuhusu yaliyotokea, na mifumo mikongwe ilitajwa humo kuwa miongoni mwa mambo yaliyochelewesha kurejea kwa huduma. Kwa maktaba ndogo, fundisho la moja kwa moja ni kuwa na nakala moja isiyounganishwa na mtandao wowote.

Kuhusu faragha, kasi ya kuondoa sanduku ilijenga imani, na familia iliyolalamika baadaye ilikubali barua nyingine ziendelee kuonekana. Lakini kuondoa sanduku zima kwa ajili ya barua moja kuliwezekana kwa sababu tu hakukuwa na namba ya barua moja moja. Hata hapa tatizo lilikuwa maelezo.

Daftari la ghala linanifikirisha zaidi ya vyote. Liliandikwa na mtumishi ambaye hakualikwa kwenye mkutano wowote wa mradi, na ndilo lililorudisha picha kwenye masanduku. Miradi ya namna hii huwaita wataalamu wa kompyuta mapema na watu wa ghala mwishoni kabisa. Katika mikutano ya sasa mtunza ghala yumo, na daftari lake limepigwa picha na kupewa namba kama waraka mwingine wowote.

Gharama za seva, diski na ukaguzi zimeingizwa kwenye bajeti ya kawaida ya taasisi, katika fungu moja na umeme wa ghala. Ilichukua mabishano marefu, kwani wakuu walizoea kuona kazi ya kidijitali kama mradi wenye mwanzo na mwisho.

Albamu za picha ndizo zilizobaki. Safari hii watumishi wameanza kwa kuketi na wastaafu wa taasisi, ukurasa kwa ukurasa, wakiandika majina ya waliomo kabla wanaowatambua hawajaondoka. Kamera itafuata sanduku likishapata namba.